Frederick Selous

Frederick Courteney Selous (31 Desemba 1851 – 4 Januari 1917) alikuwa mwindaji, mpelelezi, mwandishi na afisa wa jeshi kutoka Uingereza. Kwa takriban miaka ishirini aliwinda tembo na wanyama wengine kusini mwa Afrika, hasa katika nchi ambazo leo ni Zimbabwe, Botswana na Zambia. Nchini Tanzania jina lake linajulikana kutokana na Pori la Akiba la Selous, lililopakana na bonde la Kilombero upande wa mashariki. Hata hivyo Selous hakuja huko kuwinda. Alifika akiwa askari mzee wa miaka zaidi ya 60 wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, akapigwa risasi na kufa Beho Beho, kaskazini mwa mto Rufiji.

Maisha yake yalianguka katika kipindi ambacho silaha zilibadilika kuliko wakati mwingine wowote. Alianza na gobori lililojazwa baruti kwa kiganja cha mkono, akamaliza katika vita vya bunduki za risasi za kiwandani na bombomu. Kwa sababu hiyo wanaosoma historia ya uwindaji na ya silaha humtaja mara nyingi.

Utoto na masomo

Selous alizaliwa London karibu na bustani ya Regent's Park. Baba yake alikuwa mtu wa soko la hisa, na ukoo wake ulitokana na Waprotestanti wenye asili ya Kifaransa. Mdogo wake, Edmund Selous, alikuja kuwa mtaalamu wa ndege.

Tangu utotoni alisoma habari za wasafiri wa Afrika, hasa David Livingstone, na akaamua kwamba atakuwa mwindaji. Inasimuliwa kwamba mwalimu wake alimkuta usiku amelala sakafuni na nguo nyepesi. Mtoto alieleza kuwa anajizoeza maisha ya porini.

Tarehe 15 Januari 1867, akiwa na umri wa miaka 15, alinusurika katika ajali kubwa ya Regent's Park. Barafu ya ziwa la bustani hiyo ilipasuka ikiwa imejaa watu waliokuwa wakiteleza juu yake, na watu 40 walikufa. Selous alijiokoa kwa kutambaa kwa tumbo kutoka kipande kimoja cha barafu hadi kingine mpaka akafika ukingoni.

Alisoma shule ya Rugby, kisha akapelekwa Uswisi na Ujerumani. Wazazi walitaka awe daktari, lakini yeye alikuwa ameshaamua jambo lake.

Kufika Afrika

Alishuka Algoa Bay, Afrika Kusini, tarehe 4 Septemba 1871 akiwa na umri wa miaka 19 na pauni 400 mfukoni. Njiani kuelekea kaskazini, katika machimbo ya almasi ya Kimberley, aliibiwa bunduki yake nzuri kuliko zote, yenye mitutu miwili na ya kujazwa kwa nyuma. Wizi huo ulimlazimisha kuanza kazi ya kuwinda tembo kwa silaha duni sana.

Mwaka 1872 alifika kwa Lobengula, mfalme wa Wandebele, kuomba ruhusa ya kuwinda. Mfalme alimwona kijana mno na kumfanyia mzaha, kama kwamba amekuja kuwinda swala wadogo, lakini akamruhusu aende popote. Uhusiano wao ulidumu miaka mingi, ingawa haukuwa mzuri siku zote. Kuna wakati Selous alitozwa faini katika baraza la mfalme kwa sababu ya viboko waliouawa mtoni. Yeye aliona ameonewa. Wandebele kwa upande wao waliwahesabu viboko wale kuwa mali ya nchi, si ya kila mgeni mwenye bunduki, na hoja hiyo ni ile ile ambayo serikali za baadaye ziliitungia sheria za wanyamapori.

Magobori ya Hollis

Baada ya kuibiwa, Selous alinunua magobori mawili ya bei ndogo yaliyotengenezwa na Hollis wa Birmingham. Kwa asili yalikuwa bunduki za kuwindia bata, na kila moja ilimgharimu pauni 6. Mtutu wake haukuwa na mifuo ndani, na ulimeza gololi ya risasi yenye uzito wa wakia 4, yaani zaidi ya gramu 110. Kwa kulinganisha, kichwa cha risasi ya bunduki ya kivita ya miaka ya Vita Kuu kilikuwa na uzito wa gramu 10 hivi tu.

Ujazaji wake ulikuwa wa aina ambayo wazee wa vijiji vya bonde la Kilombero, kuanzia Mofu hadi Ifakara na Mahenge, wangeutambua mara moja, maana gobori lilibaki silaha ya mwanakijiji huko muda mrefu baada ya wazungu kuliacha. Baruti humiminwa mdomoni mwa mtutu, hufuata kizibo, kisha gololi, na vyote hushindiliwa kwa fimbo. Mwishoni fataki huwekwa juu ya chuchu iliyo karibu na nyundo.

Selous hakutumia kipimo. Alibeba baruti nyeusi ya chenga kubwa, ya aina iliyouzwa na wachuuzi, ikiwa wazi ndani ya mfuko wa ngozi kiunoni. Alipokuwa akimkimbilia tembo aliingiza mkono, akachota kiganja kimoja na kukimimina mtutuni. Kiganja hicho kilikuwa na wastani wa gramu 30 hadi 35 za baruti.

Njia hiyo ilikuwa ya haraka, lakini ilikuwa na hatari mbili. Ya kwanza ni kiasi cha baruti, ambacho kilibadilika kila mara. Ya pili ni mahali gololi ilipokaa. Katika gobori gololi lazima ishuke mpaka iikalie baruti pasipo nafasi katikati. Ikikwama nusu ya njia, gesi ya mlipuko hupata mwendo kabla ya kuigonga, na mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Ndiyo maana wenye magobori wengi hutia alama kwenye fimbo ya kushindilia: alama ikisimama juu ya mdomo wa mtutu kuliko kawaida, kuna kitu ndani ambacho hakikutarajiwa.

Selous alilipa gharama ya kukosa uangalifu huo. Katika moja ya misafara yake ya mwanzo gobori lake lilijazwa mara mbili kwa makosa, yaani baruti na gololi ya pili juu ya zile za kwanza. Alipofyatua, aliinuliwa kutoka ardhini na kuangushwa kifudifudi. Kitako cha bunduki kilivunjika vipande vipande, bunduki yenyewe ikatupwa nyuma yake, shavu likachanika vibaya, na mkono wa kulia ukakosa nguvu kwa muda. Kwamba mtutu haukupasuka ni bahati, na labda pia ni sifa kwa fundi wa Birmingham aliyeuza kazi yake kwa pauni 6.

Kwa magobori hayo aliua tembo 78 katika misimu mitatu, kati ya mwaka 1872 na 1874, mara nyingi kwa miguu kwa kuwa mbung'o waliwaua farasi. Baadaye aliandika kwamba alijuta kuyatumia. Mateke ya bunduki zile yaliathiri mishipa yake ya fahamu, na aliamini kuwa hata baada ya miaka mingi yalimfanya apige vibaya kwa bunduki nyepesi.

Bunduki za baadaye

Aliporudi Afrika mwaka 1876 baada ya likizo Uingereza, zama za gobori kwake zilikuwa zimekwisha. Silaha iliyompa sifa ni bunduki ya risasi moja moja iliyotengenezwa na Gibbs wa Bristol, yenye mtambo wa Farquharson na mtutu wenye mifuo ya Metford. Ilitumia risasi zenye ganda la shaba nyeupe au njano, ambapo baruti, fataki na kichwa hukaa pamoja.

Ganda liliondoa kosa la kujaza mara mbili, lakini swali la gololi ikae wapi halikuondoka. Lilihamia tu kwa yule anayeitengeneza risasi. Kichwa kikisukumwa ndani mno ya ganda, nafasi ya baruti hupungua na msukumo wa gesi hupanda. Kwa baruti za kisasa zisizo na moshi ongezeko hilo laweza kuwa kubwa. Kikiachwa nje mno, hugusa mifuo ya mtutu kabla ya kufyatuliwa, na hapo pia msukumo hupanda, au risasi hukataa kuingia vizuri chumbani. Baina ya mipaka hiyo miwili kuna nafasi ndogo ambamo bunduki moja hupenda kina fulani na nyingine kina kingine, hata kama ni za fundi mmoja. Baruti nyeusi ilikuwa na desturi yake: haikutakiwa kuwa na nafasi tupu ndani ya ganda, hivyo kichwa kilikaa juu ya baruti iliyobanwa kidogo, sawa kabisa na gololi ndani ya gobori.

Aina ya kichwa nayo ilikuwa muhimu. Kwa wanyama wakubwa Selous alichagua vichwa vigumu vilivyopenya bila kutawanyika, na kwa swala alitumia vyepesi vyenye tundu mbele. Mwishoni mwa karne ya 19 alihamia kwenye bunduki za kipenyo kidogo na baruti isiyo na moshi. Kijana aliyefuata nyayo zake, Walter Bell wa Uskoti, alilipeleka jambo hilo mbali zaidi: huko Karamoja, Uganda, na kwingineko aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7 na risasi za kijeshi, kwa kulenga ubongo. Idadi hiyo inatisha leo. Inaonyesha pia kwamba uzito wa gololi haukuwa jambo kuu kamwe.

Kupungua kwa tembo na kazi ya makumbusho

Kufikia mwanzo wa miaka ya 1880 tembo walikuwa wamekuwa adimu kusini mwa mto Zambezi, na biashara ya pembe haikumlipa tena mwindaji. Selous alikuwa mmoja wa waliosababisha hali hiyo, na aliieleza bila kuificha. Aligeukia kukusanya ngozi, mafuvu na vipepeo kwa ajili ya makumbusho ya Ulaya. Makumbusho ya Historia Asilia ya London ina mamia ya wanyama aliowakusanya, wakiwemo simba 19 wa Afrika.

Mwaka 1888 alivuka Zambezi kwenda kwa Waila, ambao kambi yao jirani iliivamia kambi yake usiku. Alipoteza karibu kila kitu na kutembea peke yake wiki kadhaa hadi kupata msaada.

Utumishi wake kwa ukoloni

Sehemu hii ya maisha yake husimuliwa kwa fahari katika vitabu vya zamani vya Kiingereza, na kwa namna nyingine kabisa nchini Zimbabwe. Mwaka 1890 Cecil Rhodes alimwajiri kuongoza msafara wa walowezi na askari kutoka mto Tuli hadi mahali palipoitwa Fort Salisbury, leo Harare. Selous alichagua njia iliyokwepa makao ya Lobengula, na barabara ya zaidi ya kilomita 600 ikakatwa porini. Ujuzi alioupata kwa ruhusa ya mfalme ndio uliotumika kuwaleta watu waliouangusha ufalme wake miaka mitatu baadaye.

Mwaka 1893 alipigana katika vita dhidi ya Wandebele na kujeruhiwa. Mwaka huohuo Shirika la Kifalme la Jiografia la London lilimpa medali ya dhahabu. Mwaka 1894 alimwoa Gladys Maddy. Wandebele walipoinuka mwaka 1896, nyumba yake ya Essexvale ilichomwa, naye akaingia tena vitani. Baada ya hapo alihamia Worplesdon, Uingereza, akiendelea kusafiri kuwinda katika Amerika ya Kaskazini, Asia Ndogo na Afrika Mashariki.

Alikuwa rafiki wa Theodore Roosevelt, rais wa Marekani, na alimsaidia kupanga safari yake ya mwaka 1909. Walisafiri katika meli moja hadi Mombasa. Mara nyingi hutajwa pia kuwa kielelezo cha Allan Quatermain, mhusika wa riwaya za Rider Haggard.

Vitabu vyake ni pamoja na A Hunter's Wanderings in Africa (1881), Travel and Adventure in South-East Africa (1893), Sunshine and Storm in Rhodesia (1896) na African Nature Notes and Reminiscences (1908). Hicho cha mwisho kina maelezo ya makini kuhusu tabia za wanyama na rangi zao, na wengi hukiona kuwa bora kuliko vyote.

Vita vya Afrika Mashariki

Vita vilipoanza mwaka 1914 Selous aliomba kujiunga na jeshi akakataliwa kwa sababu ya umri. Hatimaye alipokelewa katika kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, kilichokusanya wawindaji, mabaharia na watu wa kila namna. Kikosi kilishuka Mombasa Mei 1915, na mwezi Juni kikashiriki katika mashambulizi ya Bukoba. Selous alipanda cheo hadi kapteni na kupewa nishani ya DSO mwaka 1916. Mwaka huo aliugua, akarudishwa kwao kufanyiwa upasuaji, kisha akarudi vitani.

Upande wa pili ulikuwa na shida yake ya risasi. Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyowaletea Wajerumani silaha kutoka Ulaya, ilishambuliwa na manowari ya Waingereza katika ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga. Shehena iliokolewa, lakini risasi zilikuwa zimeingiwa na maji ya chumvi na nyingi zilikataa kulipuka. Kamanda Paul von Lettow-Vorbeck aliamuru zifunguliwe. Kwa miezi kadhaa askari, wapagazi na watu wengine waliopatikana Moshi walifanya kazi tangu asubuhi hadi usiku: kuondoa kichwa cha kila risasi, kusafisha baruti, kubadilisha fataki zilizoharibika na kufunga upya. Risasi nzima zilizosalia zilitengwa kwa ajili ya bombomu. Zilizotengenezwa upya zilijaribiwa, na fungu ambalo karibu moja kati ya tano ilikataa kulipuka lilihesabiwa kuwa linafaa vitani; lililozidi hapo lilitumika kwa mazoezi.

Hiyo ilikuwa kazi kubwa ya kujaza risasi kwa mkono, na iliyafanya mapigano yaendelee. Majina ya waliokaa mezani hayakuandikwa.

Kifo

Mwanzoni mwa Januari 1917 majeshi ya Uingereza yalivuka mto Mgeta kuwasukuma Wajerumani kuelekea Rufiji. Kikosi cha Selous kilikuwa kimemalizwa na malaria na kuhara damu, na waliobaki walikuwa wachache tu kati ya zaidi ya 1,000 waliofika Mombasa. Tarehe 4 Januari, karibu na Beho Beho, walikutana na askari wa Kijerumani waliokuwa wakirudi nyuma. Selous alisogea mbele kutafuta mahali walipojificha wadunguaji, akapigwa risasi ya kichwa. Alikuwa na umri wa miaka 65. Alizikwa karibu na hapo, chini ya mkwaju, na kaburi lake lipo hadi leo.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile ya 4 Januari 1918, mwanawe Freddie, rubani wa kivita, aliuawa huko Ulaya.

Jina lake na Pori la Akiba

Hifadhi ya wanyama katika eneo la Rufiji ilianzishwa na serikali ya Wajerumani mwaka 1896. Vita vya Maji Maji vya 1905–1907 na njaa iliyofuata viliacha sehemu kubwa za kusini bila watu, na baadaye Waingereza waliwahamisha wengine kwa hoja ya ugonjwa wa malale. Mwaka 1922 Waingereza waliyaunganisha mapori hayo na kuyapa jina la Selous. Pori lilipanuliwa mpaka likafikia takriban kilomita za mraba 50,000. Humo ndani, kwenye maporomoko ya Shuguri, mto Kilombero unaotoka Mofu na Ifakara hukutana na Luwegu na kuwa Rufiji.

Kwa watu wa bondeni mpaka huo ulikuwa na maana ya moja kwa moja. Wandamba wa bonde la Ulanga, kama Kilombero lilivyoitwa zamani, walikuwa wawindaji hodari wa tembo, wenye mila na dawa zao za uwindaji. Chini ya sheria mpya mwenye gobori aliitwa jangili, huku pori likibeba jina la mtu aliyeua tembo 78 kwa silaha ya aina ile ile. Selous mwenyewe hakuchagua heshima hiyo, maana alikuwa amekwisha kufa miaka mitano.

UNESCO iliingiza pori katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1982. Katikati ya miaka ya 1970 lilikuwa na tembo zaidi ya 100,000 pamoja na maeneo yanayolizunguka. Sensa ya 2013 ilihesabu takriban 13,000 tu, na mwaka 2014 pori likawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya kaskazini, pamoja na Beho Beho na kaburi, ilitengwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Jina la Selous limebaki kwa sehemu iliyosalia.